Mbegu ya Muhogo Huchaguliwa Mti Ungali na Majani

Muhogo hatuupandi kwa punje kama mahindi. Twaukata mti wenyewe, na kila pingili huota ikawa mti ulio sawasawa na mama yake. Mama akiwa mzazi mzuri, mtoto naye huzaa vizuri. Mama akiwa mgonjwa, mtoto huzaliwa na ugonjwa uo huo, wala hakuna dawa ya kunyunyiza wala mbolea itakayomponya.

Jambo hili lawahusu sana wenye mashamba katika skimu za makazi huku pwani. Watu wametoka pande nyingi, na kila mmoja alikuja na mzigo wake wa miti ya mihogo. Jirani akiomba mbegu hapewi bei, hukatiwa bure. Ni desturi njema, lakini kwa mzigo huo ugonjwa husafiri mbali kuliko nzi mweupe, mdudu anayeueneza, awezavyo kuruka.

Magonjwa yenyewe ni mawili. Batobato ni rahisi kuijua: majani machanga huwa na mabaka ya manjano, tena hujikunja na kudumaa. Ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ni mjanja zaidi. Bwana H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanganyika, aliueleza mwaka 1936, na hata leo wawadanganya wengi. Majani ya juu huweza kuwa safi kabisa. Tazama ya chini: utaona umanjano kando ya mishipa ya jani. Wakati mwingine hata hayo hayaonekani, na mkulima hugundua siku ya kuchimba, akikata muhogo na kukuta ndani umeoza kwa madoa makavu ya kahawia, haufai kuliwa wala kuuzwa.

Basi, mbegu huharibikia wapi? Nionavyo mimi, huharibikia jikoni. Mama wa nyumbani akitaka mihogo ya kupika huchimba mti ulionenepa, na miti yake hutupwa kando ikakauka. Mvua ikikaribia, iliyobaki shambani ni ile dhaifu ambayo hakuna aliyeitamani, na hiyo ndiyo inayokatwa mbegu. Tukifanya hivyo miaka mitatu minne, twasema udongo umechoka.

Kwa hiyo pita shambani mapema, majani yakiwa mengi, na ufunge ukili au kitambaa kwenye kila mti ulio safi juu na chini. Waambie watu wote wa nyumbani kwamba mti wenye alama hauguswi. Siku ya kukata mbegu, chimba kwanza, pasua mihogo kadhaa ya mti huo, na ukiona doa la kahawia hata katika mmoja, usichukue mbegu hapo.

Mti uwe wa miezi 8 hadi 18. Acha ncha ya kijani, kwani hukauka upesi. Tumia panga kali, usiukate juu ya jiwe, maana pingili iliyopondeka huoza. Kila pingili iwe na urefu wa sentimita 20 hadi 30, na macho matano au zaidi. Ukipanda kwa umbali wa mita moja kila upande, eka moja yataka pingili 4,000 hivi. Kama mti mmoja watoa pingili kumi, yakupasa uwe na miti 400 yenye alama. Ikipungua, panda nusu eka ya mbegu safi, nusu nyingine utie kunde.

Fukia theluthi mbili ya pingili, imelala kidogo, macho yakitazama juu. Jicho hukaa juu ya kovu la jani. Ukiona kovu liko juu ya jicho, umeipindua. Mvua ikichelewa, usizikate pingili. Simamisha miti mizima kivulini, vitako vikiwa vimefukiwa katika udongo wenye unyevu.

Baada ya kuchipua, pita tena kila juma kwa miezi miwili ya kwanza. Mche ukiwa na mabaka tangu majani yake ya kwanza kabisa, ugonjwa ulitoka katika mbegu. Majani ya kwanza yakiwa safi na ya baadaye yakawa na mabaka, umeletwa na nzi mweupe kutoka shamba la karibu, na hapo yafaa uzungumze na jirani. Kwa vyovyote, ng'oa mche huo siku hiyo hiyo na uuchome moto.