Buibui-Kaa wa Inchi: Namna ya Kumutambua

Wamama, mara nyingi mutoto analetwa kliniki na kidonda, na mama anasema: "Ni buibui alimukojolea." Tunapenda mujue vizuri mududu huyu, maana kumusingizia buibui kunaweza kuchelewesha dawa.

Mumeona kaa katika mito yetu ya Mongbwalu? Kuko buibui anayefanana naye. Hapiti ukubwa wa punje ya mahindi, na wengi ni wadogo zaidi. Mwili wake ni mupana, rangi ya udongo ao ya majani makavu. Ana miguu nane sawa buibui wote, lakini ile ine ya mbele ni mirefu na minene kuliko ya nyuma, na anaifungua pembeni kama mutu anayetaka kukumbatia. Anatembea mbele, nyuma, hata kwa ubavu.

Yeye hafumi utando wa kukamata inzi. Anajificha chini ya majani makavu ao mawe, anangojea. Chungu ao inzi akipita karibu, anamukamata kwa miguu ya mbele na kumuuma, sumu inamulegeza. Halafu anafyonza maji ya ndani, ngozi inabaki tupu. Uzi anao: anafunga mayai yake katika mufuko mudogo, na mama-buibui anakaa pale kuulinda. Hapo hata ninyi mutamuelewa.

Sumu hiyo ni ya kuua wadudu. Mutu si chakula chake. Akifinywa anaweza kuuma, panawasha kidogo. Maji na sabuni inatosha. Na mukojo wa buibui hauchomi ngozi.

Basi vile vidonda vinatoka wapi? Kuko mududu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayefuata taa usiku. Yeye haumi. Lakini mutu akimuponda juu ya ngozi, maji yake yanachoma, na kisha malengelenge yanatokea. Musimuponde, mumupulize, halafu muoshe pale kwa sabuni. Malengelenge yanayofuata mustari upande mumoja tu wa mwili, na maumivu makali, inaweza kuwa zona, ugonjwa wa virusi. Jipu lenye usaha linaletwa na mikrobe. Muje tuangalie, kila moja iko na matunzo yake.

Lakini tunachoogopa zaidi ni hiki: mutoto anatoka shambani akilia, muguu unavimba na uvimbe unapanda, anatapika, kope zinalegea, na hakuna mutu aliyeona kilichomuuma. Hapo musiseme ni buibui. Inaweza kuwa nyoka. Musikate kwa wembe, musifunge kamba, musiweke jiwe nyeusi. Jiwe hilo halivuti sumu. Mumuvue bangili na shanga za muguu, mumulaze, muguu usitikisike, na mumubebe mpaka hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.