Mfalme Katika Minyororo

Katika kitabu cha H. M. Stanley kilichopigwa chapa mwaka 1878 imo picha ya kuchongwa: watu wa Bumbire, kisiwa cha Muleba, wanamtishia mikuki mashuani mwake. Hayo yalikuwa Aprili 1875. Agosti haimo katika picha ile. Stanley alirudi na mitumbwi mingi, mfalme wao Shekka akiwa mateka wake katika minyororo, akawapiga risasi toka majini wale waliosimama ufukoni. Katekisimu, namba 2313, yaagiza mateka watendewe kiutu. Wazazi wa Kimwani na kwingineko, mwonyeshapo picha ile, msimulieni mtoto habari za Shekka pia. Stanley mwenyewe aliziandika magazetini, na Waingereza wengi walimlaumu.