Kufundisha Muziki wa Tarumbeta kwa Vibuyu

Kipindi cha muziki aghalabu hufutwa kwa sababu moja: shule haina ala. Mwalimu aliyepangiwa Ilemba, au shule nyingine ya Ufipa, hutazama kabati tupu, kisha akaandika hesabu ubaoni. Sababu hiyo sisi hatuikubali, na ushahidi wetu ni ngoma ya beni.

Beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walipoiga bendi za kijeshi za Wazungu. Ilipofika Tanganyika ilikuwa na vyama vya Marini na Arinoti, na askari wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) wakaieneza bara. Hata bendi za dansi za mwanzo, mathalani Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa mwaka 1932, zilitegemea ala za shaba na ngoma kabla ya magitaa. Baadaye magitaa yakapata sifa zote. Wapuliza tarumbeta wa siku hizo ni wachache mno wanaotajwa.

Kando ya Ziwa Nyasa, askari waliorudi vijijini hawakuwa na shaba. Wakachukua vibuyu, na ngoma yao ikaitwa mganda. Huko Malawi huitwa pia malipenga. Kibuyu hukatwa ncha, hutobolewa tundu ubavuni, na tundu hilo huzibwa kwa utando mwembamba. Wazee walitumia utando wa buibui. Mchezaji hapulizi, bali huimba ndani yake. Utando ukatetema na kuifanya sauti ikwaruze kama shaba. Kwa kuwa sauti hutoka kooni, kibuyu hakihitaji kulinganishwa na kingine.

Tuanze darasani na sauti 5 za baragumu la kijeshi: do, so, do ya juu, mi, so ya juu. Baragumu halina vali, hivyo miito ya askari hutungwa kwa sauti hizo tu, ambazo mpigaji huzipata kwa kukaza midomo. (Tarumbeta la jazi lina vali 3, nalo hutoa sauti zote.) Watoto waziimbe kwanza bila kibuyu, mpaka mi isiyumbe. Mi ndiyo inayosumbua.

Kisha tuchague wimbo mfupi wenye kuitikiwa, ambao watoto wameujua nyumbani. Vibuyu vidogo vishike wimbo wenyewe. Vya kati viitikie mwisho wa kila mstari kwa mi na so. Vikubwa vikae kwenye do na so ya chini, kila mguu unapokanyaga. Zikisikika zinagombana, tubadili do iwe so, masikio yaamue. Kosa la kawaida ni kuwaachia wote wapige wimbo. Hapo pana kelele, hapana bendi. Baada ya wiki mbili, tuwanyamazishe wenye vibuyu vidogo ghafla. Waliobaki wakiendelea bila kuharakisha, sehemu zimeshikwa. Wakikimbia, turudi kwenye hatua za miguu.

Utando wa buibui hupasuka upesi mikononi mwa watoto. Karatasi nyembamba ya nailoni, iliyofungwa kwa uzi, hudumu zaidi. Ivutwe kidogo tu, maana ikikazwa sana haitetemi. Kila mtoto awe na kibuyu chake, kwa ajili ya usafi, na mbegu zipandwe shuleni mwanzo wa mvua.