Chatini za Viungo Vichache: Jinsi ya Kuzitengeneza na Kuzihifadhi kwa Usalama

Jua linapotua, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, karai za mafuta hutengwa motoni kando ya barabara. Viazi karai, bajia na mhogo wa kukaanga huuzwa vikiwa moto. Hata hivyo, mteja wa Pwani haangalii viazi pekee. Huuliza kwanza kama kuna ukwaju, na chatini nzuri humfanya apite meza tatu aende kununua ya nne.

Chatini hizo hazina gharama kubwa. Nyingi hutengenezwa kwa viungo 4 au 5, na vingi vya viungo hivyo hupatikana shambani au sokoni Kilifi: ukwaju, nazi, embe bichi, ndimu na pilipili. Familia yoyote inaweza kuzitengeneza jikoni.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Viazi hutoka kwenye mafuta yenye moto mkali, na vijidudu vingi hufia humo. Chatini huenda ilichanganywa kwa maji yasiyochemshwa na ikakaa bakulini tangu adhuhuri. Kipindupindu na maradhi mengine ya kuhara huenea kupitia maji na chakula kilichochafuliwa, na wanaoumia haraka zaidi ni watoto wadogo. Kwa hivyo, anayejifunza kutengeneza chatini ajifunze pia kuihifadhi.

KABLA YA KUANZA

Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha matunda, pilipili na dania kwa maji safi. Kinu, mchi, blenda na chujio vioshwe na kukaushwa, kwani mabaki ya jana huharibu chatini ya leo. Maji yote yanayoingia kwenye chatini yawe yamechemshwa.

1. CHATINI YA UKWAJU

Mahitaji: kikombe 1 cha ukwaju uliomenywa, vikombe 2 vya maji ya moto, vijiko 2 vya chakula vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi na pilipili ya unga kiasi.

Loweka ukwaju kwenye maji ya moto kwa dakika 30. Ponda kwa kijiko hadi nyama yake iachane na kokwa, kisha uchuje. Rudisha rojo kwenye sufuria, tia sukari, chumvi na pilipili, halafu uchemshe kwa moto mdogo dakika 10 huku ukikoroga. Wanaopenda chatini nzito huongeza kijiko kidogo cha unga wa ngano uliokorogwa kwa maji baridi. Ukiweka unga, acha ichemke dakika 5 zaidi ili ladha ya unga mbichi iishe.

2. CHATINI YA EMBE BICHI

Mahitaji: maembe mabichi 2, pilipili mbichi 2, punje 2 za kitunguu thomu, chumvi na nusu kikombe cha maji.

Chatini hii inafaa hasa wakati wa msimu, maembe yanapokuwa mengi na bei kushuka. Embe lililopasuka au lililoanza kuoza lisitumiwe. Menya maembe, yakatekate, uyapike pamoja na pilipili na kitunguu thomu kwa dakika 10 hadi 15, mpaka yalainike. Ponda au saga, kisha utie chumvi. Ikiwa embe si kali sana, kamulia ndimu. Kwa watoto, pika bila pilipili, utenge sehemu yao, halafu uongeze pilipili kwenye iliyobaki.

3. CHATINI YA NAZI

Mahitaji: nazi 1, pilipili mbichi 2, ndimu 2, fungu dogo la dania na chumvi.

Vunja nazi na uionje kwanza. Ikiwa imechacha, itupe. Ikune kwa mbuzi, kisha uisage pamoja na pilipili, dania, chumvi na maji ya ndimu. Ikiwa nzito sana, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja kimoja. Chatini hii haipikwi, kwa hivyo ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote.

KWA NINI MOJA HUKAA NA NYINGINE HUCHACHA

Mambo matatu huamua chatini itakaa muda gani: ukali, moto na muda.

Ukwaju na embe bichi vina asidi nyingi, na vijidudu vingi havistawi kwenye asidi. Isitoshe, chatini zake hupitia motoni. Ya ukwaju iliyochemshwa vizuri, ikitiwa kwenye chupa safi ya glasi na kuwekwa kwenye friji, hukaa hadi wiki 1. Ya embe itumiwe ndani ya siku 3.

Nazi haina ukali huo. Ina mafuta, utamu na majimaji, na joto la Pwani huifanya ichache upesi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba chakula kinachoharibika haraka kisikae nje ya friji kwa zaidi ya saa 2. Kwa hivyo, asiye na friji atengeneze chatini ya nazi inayotosha mlo mmoja tu. Mwenye friji asiivushe siku ya pili.

Chatini kali zisihifadhiwe kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu asidi hula chuma. Vilevile, chupa iliyowahi kubeba dawa ya shambani isitumiwe kwa chakula chochote, hata ikioshwa mara kumi.

KWA WANAOUZA

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Anayeshughulikia chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi 6 na kuwa na cheti. Wanaotaka kufunga chatini kwenye chupa na kuisambaza madukani wanahitaji pia alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Mezani, mazoea machache hulinda wateja na biashara:

• Funika bakuli la chatini wakati wote.
• Muuzaji ateke kwa kijiko kirefu. Wateja wasichovye viazi walivyokwisha kuvila.
• Anayeshika pesa asishike chakula kabla ya kunawa.
• Toa chatini kidogo kidogo, nyingine ibaki imefunikwa mahali baridi.
• Chatini ya jana isichanganywe na ya leo. Kutupa bakuli moja ni hasara ndogo kuliko kupoteza wateja wa mtaa mzima.

MTU AKIHARA

Anayeharisha apewe maji mengi salama na dawa ya chumvichumvi (ORS), ambayo hupatikana katika vituo vya afya. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Kuhara majimaji mfululizo, macho kudidimia, kutapika kusikokoma au damu kwenye choo ni dalili za hatari. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kungoja asubuhi.

Wakaazi wanahimizwa kujaribu chatini hizi nyumbani, na wanaponunua nje, waangalie bakuli la chatini kabla ya kuangalia viazi. Kama liko wazi na nzi wametua, mteja ana haki ya kula viazi vyake vikavu.