Kungojea Matokeo ya Mtihani: Somo kwa Vijana, Wazazi na Wainjilisti

Someni kwanza: Wafilipi 1:12–26, 2:19–24, 4:4–9.



Katika somo la mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona si la kanisa, nalo ni kungojea matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, na baada yake majibu ya vyuo. Walakini tupitapo katika milima ya Mbinga na kushuka hata pwani ya Ziwa Nyasa, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, twakuta nyumba nyingi zenye kijana asiyelala usiku. Sisi Walutheri tu wachache katika sehemu hizi kati ya ndugu zetu Wakatoliki na Waanglikana, lakini hofu hii yaingia nyumba za wote, ya mvuvi na ya mkulima wa kahawa. Basi na tuitazame kwa mwanga wa Neno la Mungu.

1. Jinsi mambo yalivyo

Yatupasa kwanza kuyajua mambo yenyewe, maana hofu hukua pale mtu asipojua. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei. Husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na kwa miaka hii ya karibuni matokeo yametangazwa mwezi wa Julai. Hapo ndipo Tume ya Vyuo Vikuu hufungua dirisha la maombi, na kila kijana huomba katika vyuo vyenyewe, kwa kuwa desturi ya wote kuomba mahali pamoja iliachwa mwaka 2017. Majina ya waliochaguliwa hutoka kwa awamu, na aliyechaguliwa na vyuo viwili au zaidi hana budi kuthibitisha kimoja. Mkopo nao huombwa mbali, kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kwa hiyo kijana hangojei mara moja tu, bali mara tatu: angojea alama, angojea nafasi, angojea fedha.

Hesabu ya kuingia chuo kikuu ni hii. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Mtu atokaye kidato cha sita yampasa kuwa na masomo mawili yanayotakiwa na kozi aiombayo, na jumla yake isipungue pointi 4, kama vile D mbili, au C na E. Hicho ni kizingiti cha mlango tu. Kozi nyingine hudai zaidi: udaktari, kwa mfano, hutaka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na waombaji wakizidi nafasi, wenye alama za juu hutangulia. Kwa sababu hiyo hata kijana aliyefanya vizuri aweza kuogopa, naye haogopi bure. Tusimwambie ya kuwa hakuna neno. Neno lipo.

2. Mizizi ya hofu

Mzizi wa kwanza ni gharama. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2022, lakini nauli, sare, godoro na vitabu havikuondolewa. Kijana ajua ni magunia mangapi ya kahawa, au ni mizigo mingapi ya dagaa, iliyouzwa kwa ajili yake. Aona alama mbaya kama deni asiloweza kulilipa.

Mzizi wa pili ni aibu. Kijijini watu wote wamjua, na kila akutanaye naye huuliza, “Matokeo yametoka?” Ulizo hilo ni la upendo, lakini likirudiwa mara kumi kwa siku huwa kama mzigo wa kuni kichwani.

Mzizi wa tatu u ndani zaidi, nao ndio utuhusuo hasa sisi wafundishaji wa Katekisimo. Martin Luther, alipoieleza Amri ya Kwanza katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha ya kuwa kitu ambacho moyo wakitegemea ndicho kilicho mungu wa mtu kwa kweli. Naye hakutaja mali tu, alitaja na elimu na heshima. Basi tujipime. Shule ni kipaji chema cha Mungu. Luther mwenyewe aliwaandikia watawala wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwahimiza wafungue shule. Lakini cheti kikipewa kazi ya kutuambia kama maisha yetu yana thamani au hayana, kimeketi katika kiti kisicho chake.

3. Mtume aliyengojea hukumu

Wengi wanalijua fundisho la Wafilipi 4 juu ya kutojisumbua na kuyapeleka mahitaji yetu kwa Mungu pamoja na kushukuru. Lakini ni wachache wakumbukao mahali alipokaa mtu aliyeliandika. Paulo alikuwa kifungoni, akingojea kujua mambo yake yatakwishaje. Hukumu yake ilikuwa mikononi mwa watu wengine, wala hakuweza kuiharakisha. Tena halikuwa jambo la chuo, lilikuwa jambo la kuishi au kufa.

Tazameni mambo matatu katika waraka huu. La kwanza, Paulo hakujifanya hajali. Alisema wazi ya kuwa amesongwa kati ya mambo mawili (1:23). La pili, alifanya shauri kwa kila upande: alikusudia kumtuma Timotheo mara atakapoona mambo yake yanavyokwenda, na papo hapo alitumaini kuja mwenyewe (2:23–24). La tatu, aliendelea na kazi aliyoweza kuifanya: aliandika, alifundisha, alishukuru kwa zawadi, alipatanisha waliokosana (4:2). Kungojea kwake hakukuwa kukaa bure.

Angalieni pia ahadi yenyewe ilivyo. Mtume hakuahidi ya kuwa kila aombaye atapata jibu alitakalo. Aliahidi amani ilindayo moyo, nayo huja hata kabla ya jibu. Watu huuliza, “Je, yafaa kuombea karatasi iliyokwisha kusahihishwa?” Twajibu: yafaa kumwambia Baba yetu kila jambo. Lakini tuombe kama ombi la tatu la Sala ya Bwana litufundishavyo, yaani mapenzi yake yatendeke, wala si kama mtu atakaye kugeuza wino kwa maneno. Tuwaombee pia wasahihishaji wawe waaminifu, na walioketi katika vyuo kuchagua wachague kwa haki.

4. Mizani ya wanadamu

Mizani ya wanadamu ni ya lazima, lakini si kamilifu. Wengi wenu mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Nchi ilitikisika, na majumba mengi yakalia. Baadaye serikali iliyafuta matokeo yale, alama zikapangwa upya, na mwezi wa Mei mwaka ule ule yakatangazwa tena. Wako waliohesabiwa wameanguka mwezi wa Februari ambao mwezi wa Mei walionekana wamefaulu. Karatasi zilikuwa zile zile, na mwandiko ule ule. Kilichobadilika ni kipimo. Hatusemi haya ili tudharau mtihani, bali tujue ya kuwa haufai kuwa hukumu ya mwisho juu ya mtu.

Mfikirieni tena Luther. Katika Chuo Kikuu cha Erfurt, mwaka 1502, alipopata shahada yake ya kwanza, alikuwa wa 30 kati ya wanafunzi 57. Mwaka 1505, katika shahada ya pili, alikuwa wa 2 kati ya 17. Nani angaliweza kuona katika namba 30 ile mtu atakayefasiri Biblia kwa Kijerumani? Tena hata ile namba 2 haikumpa raha. Aliingia katika nyumba ya watawa mwaka ule ule wa 1505, na huko akajihesabia matendo yake kama mwanafunzi ajihesabiaye alama, asione kamwe ya kuwa yametosha. Hata alipofahamu kwa Waraka kwa Warumi ya kuwa haki mbele za Mungu ni zawadi, hupokewa kwa imani. Huu ndio msingi wa kanisa letu. Kijana aliyebatizwa amekwisha kupewa neno la Mungu juu yake kabla hajajua hata kuandika jina lake. Neno hilo halingojei Julai.

5. Yatupasayo kufanya

Kwa vijana. Mkulima wa Mbinga aujua ukweli huu. Kahawa ikiisha kuchumwa, kuoshwa, kukaushwa na kupelekwa ghalani, hawezi tena kuibadili hata punje moja. Kazi yake ilikuwa shambani na penye maji. Je, huketi karibu na gunia akilia mpaka siku ya mnada? Sivyo, hurudi shambani kupogoa miti, kwa maana mwaka ujao waja. Na mvuvi, upepo wa mwera uvumapo kwa nguvu katika miezi hii hii ya Mei hata Agosti, huvuta mtumbwi pwani na kushona nyavu. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa na waende kwa moyo. Walio nyumbani na wasaidie mavuno, wafundishe watoto wa Shule ya Jumapili, wajifunze kazi ya mikono. Tayarisheni mapema cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, maana wengi hupata taabu mlangoni kwa kukosa karatasi. Andikeni mashauri mawili, kama Paulo: nikipata, nitafanya hivi; nisipopata, nitafanya hivi. Na akija mtu asemaye ya kuwa aweza kubadili alama au kununua nafasi kwa fedha, mkimbieni. Huyo ni mwizi, naye awafundisha wizi.

Kwa wazazi. Msimwambie mtoto ya kuwa ametuua au ametuokoa. Msimlinganishe na mtoto wa jirani. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora. Basi na sisi tusiitangaze penye kisima. Kabla matokeo hayajatoka, mwambieni, “Mwanangu, uje na alama yo yote, chakula chako kipo na jina lako ni lile lile.” Neno hili lisemwe kabla, kwa kuwa likisemwa baadaye huenda lisisikike.

Kwa wainjilisti na wazee wa kanisa. Msiwasimamishe waliofaulu mbele ya usharika na kuwaacha wengine wamejificha nyuma. Waombeeni wote Jumapili moja kabla ya matokeo. Wiki ile yatokapo, watembeleeni kwanza wale wasioonekana. Kijana akinyamaza siku nyingi, asipokula, au akisema afadhali asingezaliwa, msimkemee wala kudharau neno lake. Mwulizeni waziwazi kama ana nia ya kujidhuru, msimwache peke yake, ondoeni vitu vya hatari karibu naye, mkampeleke hospitali upesi. Amri ya Tano yatuagiza si kutoua tu, bali kumsaidia jirani katika kila hatari ya mwili.

6. Matokeo yakiwa mabaya

Wamatengo huchimba ngoro katika miteremko: hufyeka majani, huyapanga kwa mraba, kisha huyafukia kwa udongo. Atazamaye kwa mbali aona majani yamezikwa. Lakini yaoza, yawe mbolea, na mazao hupandwa juu yake. Nalo shimo lililo katikati huyashika maji ya mvua yasiuchukue udongo. Miaka miwili ya masomo haipotei kwa sababu alama hazikutosha.

Njia nazo zipo. Aonaye ya kuwa amekosewa aweza kukata rufaa kwa Baraza, kwa ada, kabla ya siku iliyowekwa. Atakaye kurudia aweza kujiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Asiyefikia chuo kikuu aweza kuomba stashahada, na baada ya hiyo, akifanya vizuri, kuingia chuo kikuu kwa mlango wa pili. Vyuo vya ufundi vya VETA navyo hufundisha kazi ambazo nchi yetu yazihitaji. Samweli alipofika nyumbani kwa Yese, wana saba walipita mbele yake. Aliyekusudiwa alikuwa malishoni, hata hakuitwa (1 Samweli 16). Mungu hakumsahau malishoni, wala hatawasahau ninyi.

Maswali ya kuzungumza

1. Paulo alingojea nini, naye alifanya nini alipokuwa akingojea?
2. Ni dalili gani zituonyeshazo ya kuwa cheti kimekuwa mungu katika nyumba?
3. Ni neno gani tulisemalo kwa upendo ambalo laweza kumlemea kijana angojeaye?
4. Usharika wetu utafanya nini kabla ya matokeo, na nini katika wiki ile yatokapo?

Na tuombe: Ee Bwana, wewe wawajua watoto wetu kuliko karatasi zote ziwajuavyo. Wape amani kabla ya jibu, na nguvu baada ya jibu. Utufundishe sisi wazazi na wafundishaji kuwapokea kama ulivyotupokea sisi, bila kustahili. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.