Jirani Anapotishia Kuchoma Nyumba

Swali: Msomaji wa Kasulu anasema jirani humtukana kila jioni, na sasa ameapa kumchomea nyumba. Aanzie wapi?

Jibu: Polisi. Mwenyekiti wa mtaa anafaa kwa mbuzi walioingia shambani, si kwa vitisho vya moto. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa anayetishia kuua au kuchoma mali hadi mwaka mmoja jela. Akitisha usiku, miwili. Namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikishwa polisi, itunzwe, na maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, pamoja na saa na walioyasikia.

Chanzo cha ugomvi kikiwa mpaka wa ardhi, baraza la kata tangu 2021 husuluhisha tu, halihukumu.

Na kama matusi hayo ni ya uchawi, kumwita mtu mchawi hadharani nako ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, kamchape, wale wasaka wachawi, waseme watakavyo.