Kuvu Hufuata Maji

Katika Kiswahili neno "ukungu" lina maana mbili. Ukungu ni ule moshi wa maji unaofunika milima asubuhi, na ukungu ni ule uchafu mweupe au wa kijani unaoota juu ya mkate uliolala na juu ya mahindi yaliyolowa. Si ajabu vitu viwili hivi kuwa na jina moja, kwa maana penye ukungu wa kwanza, wa pili hauko mbali.

Wakazi wa Kona Baridi waujua sana ukungu wa kwanza. Mahali hapo pako katika barabara ya kutoka Kiserian kwenda Magadi, kusini ya Milima ya Ngong, pale ambapo nchi ya juu yakoma na barabara yaanza kuteremka katika Bonde la Ufa. Upepo wa hapo ni wa baridi, kama jina lenyewe lisemavyo. Lakini msafiri akiteremka kupita Olepolos hata Olorgesailie hukuta joto na vumbi. Upande wa mashariki, kuelekea Kitengela, ziko tambarare za udongo mweusi ambao hushika maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Basi katika Kaunti moja ya Kajiado mna baridi na joto, umande na ukame. Na kila mahali hapo wamo viumbe wa jamii ya kuvu, kila aina na desturi yake. Wengine ni watumishi wa mkulima, na wengine ni adui zake. Yafaa kila mwenye shamba, mwenye ng'ombe na mwenye ghala awatambue.

KUVU NI NINI?

Kuvu si mmea, wala si mnyama. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kuvu haiwezi kufanya hivyo. Mnyama hula kwanza, kisha husaga chakula tumboni. Kuvu humwaga maji yake makali juu ya chakula, ikakiyeyusha palepale, kisha ikakinyonya. Mwili wake ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazotambaa ndani ya udongo, ndani ya gogo bovu au ndani ya punje ya nafaka. Uyoga unaochomoza baada ya mvua ni tunda tu la nyuzi hizo. Mwili wenyewe umejificha chini. Badala ya mbegu kama za mimea, kuvu hutoa vumbi jepesi sana linalochukuliwa na upepo, na kila chembe ya vumbi hilo yaweza kuanzisha kuvu mpya ikiangukia mahali penye chakula na unyevu.

Chakula kiko karibu kila mahali. Kinachoamua ni unyevu. Anayeyatawala maji ameshika mlango wa kuvu.

KUVU ILIYO RAFIKI

Isidhaniwe kwamba kuvu zote ni mbaya. Kama zisingekuwako, mabua ya mwaka jana, majani makavu na samadi vingelundikana bila kuoza, na udongo ungekosa rutuba. Tena ziko kuvu zinazofungamana na mizizi ya mahindi, maharagwe na miti mingi. Nyuzi zake hufika mbali kuliko mizizi yenyewe, zikaletea mmea madini ya fosforasi, na mmea huzilipa kwa sukari. Mkulima anayechoma mabua yote ya shamba lake hunyima udongo chakula cha watumishi hawa.

Hata ziwani wako wenye manufaa. Mwaka 2020 wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao makuu Nairobi, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba katika mbu wa kando ya Ziwa Victoria wamekuta kiumbe mdogo wa ukoo wa kuvu, aliyepewa jina la Microsporidia MB. Mbu aliye na kiumbe huyo hazuiwi kuishi, lakini vijidudu vya malaria havistawi mwilini mwake. Utafiti waendelea ili kuona kama kiumbe huyo aweza kutumiwa kupunguza homa hiyo.

WANAOFANANA NA KUVU LAKINI SI KUVU

Kuna kundi jingine ambalo kwa miaka mingi wataalamu walilihesabu kuwa kuvu kwa sababu nalo lina nyuzi na hutoa vumbi. Baadaye ilijulikana kwamba viumbe hao ni wa ukoo mwingine, walio karibu zaidi na mwani wa majini. Jambo hili si la wasomi peke yao. Kwa kuwa miili yao imejengwa kwa namna nyingine, baadhi ya dawa zinazoua kuvu haziwadhuru hata kidogo. Mkulima anayenyunyiza dawa bila kujua ugonjwa ni upi hupoteza fedha zake na mazao yake pamoja.

Viumbe hao hawajaisahau asili yao ya majini. Wengi wao hutoa vijimbegu vyenye mikia miwili, navyo huogelea. Tone la umande juu ya jani ni ziwa la kutosha kwao. Mmoja wao huleta bakajani chelewa, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita blaiti, unaoshambulia viazi na nyanya. Madoa meusi yaliyo kama yamelowa hutokea katika majani, na asubuhi chini ya jani huonekana utando mweupe. Baada ya siku chache shamba zima huwa kama limeunguzwa na moto. Ugonjwa huo ulipoingia Ireland mwaka 1845, viazi vilioza mwaka baada ya mwaka, na katika njaa iliyofuata walikufa watu wapatao milioni moja. Katika Afrika ya Mashariki ulianza kuonekana mwaka 1941.

Baridi na ukungu wa asubuhi, kama ule wa nchi ya Kona Baridi, ndiyo hali inayoupendeza ugonjwa huu. Lakini hata katika nchi yenye joto, kama Kimana karibu na Loitokitok, ambako nyanya hunyweshwa maji ya chemchemi, mkulima aweza kuukaribisha mwenyewe kwa kumwagilia majani jioni yakalala yamelowa. Maji yapelekwe kwenye shina, nayo yatiwe asubuhi ili jua likaushe kilichorushwa juu. Miche nayo isisongamane, wala kitalu kisijae maji. Ndugu wengine wa kundi hili hukaa katika udongo uliolowa mno, wakaozesha shingo za miche hata ikaanguka kana kwamba imekatwa kwa wembe.

CHURA WA KIHANSI

Katika vinamasi na mito iko kuvu ya kweli ambayo vijimbegu vyake huogelea kwa mkia mmoja. Kuvu hii hushambulia ngozi ya chura, na kwa kuwa chura hunywa maji na kuvuta sehemu ya hewa kwa ngozi yake, ngozi ikiharibika hufa.

Habari za Kihansi, katika Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, zatoa fundisho. Mwaka 1996 watafiti walikuta hapo chura mdogo wa manjano ambaye hakuonekana mahali pengine popote duniani. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko ya maji tu. Bwawa la umeme lilipojengwa na maji kupunguzwa, manyunyu yalipungua; mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani ili kizazi kisipotee, na mitambo ya kunyunyiza maji ikawekwa bondeni. Hata hivyo mwaka 2003 vyura waliobaki walitoweka kwa muda mfupi, na ile kuvu ilionekana katika mizoga. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hayuko tena porini. Tangu mwaka 2012 wazao wa wale waliopelekwa ng'ambo wameanza kurudishwa kwao.

Kuvu hiyohiyo imeonekana katika vyura wa Kenya pia. Haivumilii kukauka, kwa hiyo mtu atokaye katika kinamasi kimoja kwenda kingine na aoshe viatu vyake na kuvianika juani.

SUMU YA GHALANI

Lakini kati ya kuvu zote hapana inayomhusu binadamu wa nchi hizi kuliko ile iitwayo Aspergillus flavus. Makao yake ni udongo, katika mabaki ya mabua na magunzi. Wakati wa ukame na joto vumbi lake hupanda na upepo, likaingia katika suke la mhindi lililodhoofika, hasa mahali palipotobolewa na wadudu. Ikikuta punje haijakauka huendelea kukua ghalani, nayo hutengeneza sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini.

Sumu hiyo ilijulikana baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyooza. Kenya haikukaa mbali na msiba. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, inayopakana na Kajiado, wagonjwa 20 walilazwa hospitali na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004 mambo yalizidi. Katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani mvua ilinyesha si kwa majira yake wakati wa mavuno. Watu waliokuwa na njaa, wakiogopa kuibiwa nafaka yao, waliyaingiza mahindi nyumbani yangali mabichi. Kufikia mwezi wa Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 walikuwa wamekufa. Mahindi ya masokoni yalipopimwa, asilimia 55 ya sampuli zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo.

Sumukuvu hupiga ini. Aliyekula nyingi kwa mara moja hugeuka macho kuwa ya manjano, tumbo likamvimba, na aweza kufa. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hana dalili yoyote, lakini yumo katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huzidi kwa mwenye homa ya ini ya aina ya B.

Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 katika bilioni moja. Maana yake ni kwamba gramu moja tu ya sumu, ikienezwa katika magunia 1,100 hivi ya kilo 90, hufikia mpaka huo. Haionekani kwa macho, haina harufu, wala moto wa kupikia ugali hauiondoi. Ukungu ukipanguswa, sumu hubaki ndani ya punje.

Mfugaji naye asijidhanie yuko salama. Wako wanaosema, "Mahindi haya hayafai kwa watoto, basi tuwape ng'ombe." Ng'ombe akila mahindi yenye sumu, sehemu ya sumu hiyo hutoka katika maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Hivyo mtoto aliyenyimwa ugali mbovu huletewa sumu ileile katika kikombe.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, mahindi yavunwe mara yakomaapo, wala yasilundikwe shambani.

Pili, yaanikwe juu ya turubai au mkeka safi, kamwe si juu ya udongo mtupu, kwa maana udongo ndio nyumba ya kuvu hii. Penye umande mwingi yatandazwe jua likisha kupanda, na jioni yafunikwe kabla hayajalowa tena.

Tatu, ukavu upimwe. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hata theluthi yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, kisha tikisa sana na uache kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, nayo yarudishwe juani. Isiposhika, yamekauka vya kutosha kuingia ghalani.

Nne, punje zilizovunjika, zilizotobolewa au zilizobadilika rangi zitengwe na kutupwa. Zisipewe kuku wala ng'ombe, wala zisitiwe katika pombe.

Tano, magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa ni bora zaidi, ikiwa nafaka imekauka sawasawa.

Sita, iko dawa ya shambani iitwayo Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015. Hiyo ni mbegu za mtama zilizopakwa kuvu za ukoo uleule, za udongo wa Kenya hiihii, lakini zisizo na uwezo wa kutengeneza sumu. Hutawanywa chini, kilo 4 hivi kwa ekari moja, majuma mawili au matatu kabla ya mahindi kutoa maua, ili zile zisizo na sumu zichukue mahali pa zile zenye sumu. Tangu mwaka 2018 imetengenezwa Katumani, Machakos. Afisa wa kilimo aweza kueleza namna ya kuitumia.

Msiba wa mwaka 2004 haukuletwa na silaha wala na ugonjwa mgeni. Uliletwa na kuvu ambayo imekuwa ikiishi udongoni siku zote, ikafunguliwa mlango na mahindi yaliyoingizwa nyumbani yakiwa mabichi. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Siku chache za kuanika, turubai moja na chupa ya chumvi ni gharama ndogo mno kuliko kaburi.